Maneno Yaliyoshukia Gatini

Simulizi iliyozoeleka ni fupi. Kiingereza kiliingia Nyanza Kusini kwa mlango wa darasa: mwalimu alikileta, mtoto akakibeba hadi nyumbani, mzazi akakidaka jikoni. Nimeisikia Homa Bay, nikaisikia tena Migori, na kila anayeisimulia haoneshi shaka. Lakini shika ramani ya kaunti hizi mbili, uufuate ukingo wa ziwa kwa kidole: Kendu Bay, Homa Bay, Muhuru Bay. Neno la Kiingereza la kitu cha kawaida kabisa, maji yaliyopenya kidogo nchi kavu, limeshikamana na majina ya wenyeji hata hakuna anayelisikia tena kama neno geni. Ni darasa gani lililofundisha hilo?

Sikufunga safari kutafuta maneno makubwa ya siasa wala ya dini. Nilitaka maneno ya vitu ambavyo mtu huvishika bila kuviwazia: sahani, taa, shati, gati, barabara. Vitu hivyo havidanganyi kwa urahisi, kwa kuwa hakuna aliyehangaika kuvitungia historia ya kujisifu. Mashahidi walikuwa wa aina tatu. Kuna ramani na ripoti za zamani. Kuna kumbukumbu za wazee. Na kuna sauti zenyewe za maneno, jinsi zilivyokatwa na kulainishwa katika vinywa vya Wajaluo, Wasuba na Wakuria. Mashahidi hawa hawakubaliani kila mara. Nimsikilize nani kwanza?

Nilianza na ramani, kwa sababu karatasi hubeba tarehe. Mwaka 1875 msafiri wa Kizungu alilizunguka ziwa kwa mashua, na kwenye ramani za miaka iliyofuata mkono wa maji unaoelekea Kisumu ukaandikwa Ugowe Bay. Wakati wa reli, mkono uleule ukawa Kavirondo Gulf. Leo unaitwa Winam, jina la Kijaluo, kichwa cha ziwa. Maji makubwa, basi, yamebatizwa na kubatizwa tena, na mwishowe yakarudishiwa lugha ya watu wanaoyanywa. Ghuba ndogo zilizomo hazikurudishiwa chochote. Kwa nini kubwa ilirudi nyumbani na ndogo zikabaki ugenini?

Kabla ya kujibu, kuna mtego wa kuondoa njiani. Msomaji wa Mombasa au Tanga akiliona jina Homa Bay huwaza ugonjwa, na historia inamsukuma huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi kwenye ukingo huu na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na malaria haijaondoka hadi leo. Hata hivyo dhana hiyo haisimami. Mjaluo mwenye homa husema ana midhusi. Hakuwa na sababu ya kuazima neno la pwani kupaita kwao. Jina linatoka mlimani. Mlima Homa umesimama kwenye rasi iliyo kati ya Kendu Bay na mji wa Homa Bay, na wenyeji wanaoufafanua hulirudisha jina kwenye neno la Kijaluo la sifa na umaarufu. Kama nusu ya kwanza ni ya mlima, nusu ya pili aliitaka nani?

Sikiliza watu wanavyozungumza stendi. Anayekwenda Kendu Bay husema tu, "Naenda Kendu." Wa Muhuru Bay husema Muhuru. Lakini hakuna anayesema anakwenda Homa akiwa na maana ya mji; lazima aseme Homa Bay yote. Nadhani sababu iko wazi. Homa peke yake lilikuwa tayari jina la mlima, na mlima hauko mjini. Aliyehitaji kupambanua mlima na mahali pa kutia nanga ni mtu aliyepanga safari za majini na kuandika mizigo itashushwa wapi. Mkulima wa huko hakuwa na shida hiyo. Je, ushahidi wa meli unaliunga mkono wazo hili?

Reli kutoka Mombasa iligusa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya sasa. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa imeshaletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuungwa kando ya maji. Winifred na Sybil zikafuata, kisha nyingine. Ghuba za kusini zikawa vituo vya safari: ngozi, simsim, samli na pamba zikipanda, nguo, chumvi na mafuta ya taa zikishuka. Kila kituo kilihitaji jina moja lililoandikwa namna moja, ofisini na melini. Hapo ndipo ghuba zilipogandishwa kwenye karatasi, miaka mingi kabla watoto wengi wa huku hawajaona ubao wa chaki. Kamba ilipofungwa gatini, ni lugha gani iliyotumika kupakua mzigo?

Haikuwa Kiingereza. Mzungu alitoa amri, lakini amri ilipita kwa karani na baharia kabla ya kumfikia mchukuzi, na Kiswahili ndicho kilichoipitisha. Tazama neno stima. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kuwa meli ya moshi. Leo mtu wa Homa Bay akisema stima imepotea, hamaanishi kwamba chombo kimezama. Umeme umekatika. Neno la Kiingereza la mvuke lilipita katika Kiswahili, likashuka melini na kupanda nguzo ya nyaya. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba watu walilishika kama jina la nguvu ya mtambo, na nguvu mpya ilipofika ikarithi jina la ile ya kwanza. Hata hivyo Kenya nzima husema stima, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha njia ya ziwa peke yake. Liko wapi neno ambalo ni la ziwa hasa?

Nililikuta Sori, kwenye ghuba ya Karungu, upande wa Migori. Asubuhi mitumbwi ya mbao ilikuwa imerudi na omena. Nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa mchangani, na samaki wadogo wa rangi ya fedha wamemwagwa juu yake kuanikwa. Mama mmoja alikuwa akiwageuza kwa fagio fupi, ameinama kutoka kiunoni, na gorogoro ya kupimia imefunikwa kando ya mguu wake. Nilimwuliza, "Mama, mahali hapa panaitwaje?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Hapa ni bich." Nikauliza nyanya yake alipaitaje. Akasimama wima. "Dho wath," alisema, kisha akaendelea na kazi. Mahali pa kuegesha mitumbwi pamekuwapo tangu watu walipoanza kuvua. Ilikuwaje jina lake likachukuliwa na neno la Kiingereza la ufuko?

Linganisha na samaki wenyewe. Ngege ni ngege. Mumi ni mumi, kamongo ni kamongo, omena ni omena. Hata samaki mgeni mkubwa aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, aliyekuja na jina lake la Kiingereza kwenye vitabu vya wataalamu, huku anaitwa mbuta, jina lenye undugu na mputa wa Uganda. Tanzania wakamwita sangara. Samaki mgeni alipata jina la Kiafrika, na mahali pa kale pakapata jina la Kizungu. Kama maneno hufuata vitu, mambo yangekuwa kinyume. Basi maneno yanafuata nini?

Nina dhana, nami niliibeba kusini nikitafuta kitakachoivunja. Samaki alipita mikononi: mvuvi, mchuuzi, mpishi. Hakuhitaji fomu. Mahali pa kuegesha palipita katika daftari: usajili wa mitumbwi, leseni, mizani, kamati. Kinachopita kwenye kalamu ya ofisa huchukua neno la ofisa. Kinachopita mikononi mwa watu hubaki na jina la watu. Kanuni hii inapendeza mno, na kanuni inayopendeza ndiyo ya kutiliwa shaka. Je, inastahimili mtihani wa misheni?

Mwaka 1906 misheni ya Wasabato ilifunguliwa Gendia, karibu na Kendu Bay, na baadaye ikapata mtambo wa kuchapia. Ikiwa kuna mahali ambapo simulizi ya darasa ingetetewa, ni hapa: wageni wanaosema Kiingereza, wanafunzi, karatasi nyingi. Nilifika nikitarajia kubanwa. Nilichokikuta kilikuwa kinyume cha nilichotarajia. Wamisionari wa Gendia walijifunza Kijaluo, wakaandika sarufi ya Kijaluo na kuchapisha Kijaluo, maana walitaka kusikika. Walipopungukiwa neno, Kiswahili kilikuwa jirani: kanisa, injili, padri, yote yameingia katika Kijaluo cha Wakristo wa Nyanza. Kalamu ilikuwapo, na haikuleta Kiingereza. Kama misheni haikuwa mlango, vitu vya nyumbani vilipata wapi majina?

Ingia nyumba yoyote kati ya Oyugis na Awendo uhesabu vitu. Meza ni mesa. Sahani ni san. Kikombe ni okombe. Sabuni ni sabun, karatasi ni kalatas, taa ni taya, mkate ni makati, shati ni sati. Nilitafuta Kiingereza mezani, nikakuta Mreno aliyetuachia meza, Mwarabu aliyetuachia sahani na sabuni, wote wakiwa wamevaa Kiswahili. Hata sati, ambayo chimbuko lake ni Kiingereza, haikutoka kwa Mwingereza moja kwa moja. Kijaluo hakina sauti ya "sh", kwa hiyo "s" haituelezi kitu. Lakini irabu ile ya mwisho ni muhuri wa Kiswahili. Nani aliyezileta bidhaa na majina yake katika fungu moja?

Duka ndilo jibu la kwanza. Kendu Bay ilikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi na Waislamu wa Kiswahili tangu enzi za meli, na msikiti wake wa zamani ungali ushahidi wa hilo. Mwenye duka Mhindi na mteja Mjaluo hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Sabuni iliuzwa pamoja na neno sabuni. Hapa kipimo changu cha irabu kinaonesha udhaifu wake, nami lazima niuseme: sati na mesa zimebaki na irabu, sabun na kalatas zimeiangusha, na zote zimepita njia moja. Irabu ikiwapo inathibitisha Kiswahili. Isipokuwapo, haithibitishi kitu. Duka linaeleza shati na sabuni, lakini linaelezaje maneno ya amri na ya kazi?

Kwa hayo ilinibidi nirudi Karungu. Leo ni mahali patulivu, lakini hapa palikuwa kituo cha serikali ya kikoloni kabla Kisii haijafunguliwa mwaka 1907. Septemba 1914 vita ya Wazungu ilifika hadi huku. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka, mapigano yakatokea Kisii, na Winifred ikakutana na chombo cha Kijerumani, Muansa, mbele ya Karungu. Kisha ukaja mkusanyo mkubwa wa wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi, na Nyanza ilitoa wengi mno. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi walileta nini vinywani mwao?

Walileta jina la kikosi chao. Maneno mawili makavu ya Kiingereza, "Carrier Corps", yaligeuka Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, na Nyanza yakabaki kumbukumbu ya mwaka mbaya. Tazama jinsi yalivyogeuka: hakuna aliyeyasoma. Yalisikika kwenye mstari wa kuitwa majina, siku baada ya siku, na watu waliokuwa wakihesabiwa. Baada ya vita kikaja kipande, kitambulisho cha mfanyakazi, na kodi ya nyumba ikaendelea kuwatoa vijana kwenda kutafuta mshahara. Kazi ya kulipwa ikawa kipimo cha maisha. Je, iliacha alama nje ya majina ya mahali?

Iliacha kwenye wiki yenyewe. Kijaluo huita Jumatatu Wuok Tich, kutoka kwenda kazini. Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili, na hesabu inaendelea hadi Ijumaa, Tich Abich, kazi ya tano. Mswahili huhesabu siku zake kutokea Ijumaa ya sala. Mjaluo huzihesabu kutokea asubuhi ya kazi. Wasabato wa Gendia walipumzika Jumamosi, kwa hiyo hesabu hii haikuwafuata wao. Ingeweza kufuata misheni nyingine zilizopumzika Jumapili, hivyo kesi haijafungwa. Lakini majina hayataji sala. Yanataja kazi. Na kazi ya mshahara iliyokuwa karibu zaidi na nyumbani ilikuwa wapi?

Huku kusini, sehemu moja ilikuwa mgodini. Macalder, katika Nyatike, kulichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930, kisha shaba, hadi mgodi mkubwa ulipofungwa katikati ya miaka ya 1960. Wachimbaji wadogo hawajaondoka. Vumbi jekundu limetanda juu ya mabati, na mtambo wa kupondea mawe, karasha, unanguruma hadi mazungumzo yanakuwa ya kupiga kelele. Karasha ni Kiingereza kilichonyooshwa. Lakini yule aliyepokea unga wa jiwe akaumwagia maji kwenye beseni alitia zebaki, na zebaki ni neno lililotufikia kupitia bahari ya Hindi. Mikono ileile, jiwe lilelile, njia mbili. Je, mgodi ulipeleka maneno yake hadi ziwani?

Nilidhani nimepata kiungo. Taa ya kuvulia omena usiku inaitwa karabai katika sehemu nyingi za ziwa, na sikio linaipeleka kwenye "carbide", ile kemikali inayotiwa maji ikatoa gesi ya kuwaka. Taa za gesi hiyo zilitumika migodini duniani kote mwanzoni mwa karne ya 20. Macalder haiko mbali na Karungu. Picha ilikamilika: mchimbaji anampa mvuvi taa na jina lake. Kisha nikaipima. Karabai inajulikana pia Mwanza na pwani ya bahari, kusikojua habari za Macalder. Taa za wavuvi zenyewe ziliwaka kwa mafuta ya taa yaliyopigwa pampu. Jina lilifika likiwa limeshaachana na kemikali yake, kwa njia ileile ya duka na Kiswahili. Njia hii imezibika. Kuna nyingine itokayo barabarani?

Kuna Rodi Kopany. Ni mji wa njia panda, ambapo barabara ya Rongo na Homa Bay inakutana na ile ya Ndhiwa, na jina lake linamkonyeza kila mpenda maneno. Sikio la haraka linasikia "road" na "company": kampuni ya barabara ilipiga kambi hapa, kambi ikaondoka, jina likabaki. Mzee mmoja niliyemkuta kivulini aliniambia, "Nyathina, mwanangu, wewe unasikia Kiingereza kwa sababu umekitafuta." Maneno yake yaliniuma kwa kuwa yalikuwa na haki. Ukiliondoa sikio la Kiingereza, jina hili linasema nini?

Chukua nusu ya pili. Kote katika Homa Bay majina mengi ya mahali huanza kwa silabi ya ukoo au mji wa mtu: Kochia, Kagan, Kabuoch, Kanyamwa, Kanyada. Kopany inaweza kuwa kwa Opany, jina la mtu lililopo, bila msaada wa mgeni yeyote. Sasa tetea upande wa pili. Kijaluo kina "mb" lakini hakina "mp", na huangusha irabu za mwisho; kinywa cha Kijaluo kingeweza kulifanya neno kampuni la Kiingereza liwe kopany bila kutoka jasho. Nusu ya kwanza ni ngumu zaidi. Barabara kwa Kijaluo ni ndara, na sikumsikia mtu akiita barabara ya kawaida rodi. Sauti peke yake haitoi hukumu, na mizani inaelemea kidogo upande wa ukoo. Je, ripoti za wilaya hazingemaliza ubishi?

Ripoti za mwaka za maofisa wa kusini mwa Nyanza zimehifadhiwa Nairobi, na mtafiti huziendea kwa matumaini makubwa. Tatizo ni kwamba aliyeandika alikuwa Mwingereza akimwandikia Mwingereza. Kila kitu ndani yake kina jina la Kiingereza, kiwe kiliitwa hivyo na wenyeji au la. Ukitaka kujua watu walisema nini, karatasi hizo ni bubu. Lakini zinaonesha jambo jingine: wapi serikali na raia walikutana uso kwa uso. Ni kwenye kodi, kwenye barabara za kulimwa kwa amri, kwenye gati, kwenye hesabu ya vibarua. Shule inachukua nafasi ndogo katika miongo ya mwanzo. Basi shule ilileta nini hasa?

Ilileta tabaka la mwisho, na ni haki kulitaja. Skul, buk, ofis na osiptal yanaonekana kutoka Kiingereza kwa njia iliyonyooka. Zanzibar wanasema skuli na Tanzania bara shule, kwa sababu mmoja alitawaliwa na Mwingereza na mwingine alianza na Mjerumani. Mjaluo amesimama upande wa skuli. Baada ya uhuru, Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza katika shule nyingi. Wengi waliosoma miongo hiyo, hapa na kwingineko Kenya, wanakikumbuka kibao alichopewa mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama, akakibeba hadi amkute mwenzake wa kumkabidhi. Kibao hakikuleta jina la sahani wala la shati. Kilileta aibu ya kutumia majina yaliyokuwapo. Kuna mahali pa kupima tofauti hiyo leo?

Pako Isebania. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka, lugha moja, ndoa za kuvuka, soko la pamoja. Upande wa Kenya taa ikizimika, stima imepotea. Ukivuka hadi Sirare, upande wa Tanzania, umeme umekatika. Upande huu unapanda matatu, upande ule daladala. Waya ni uleule na gari lilelile la Kijapani. Kilichobadilika ni ofisi iliyosajili. Mtu anaweza kupinga kwamba redio na magazeti ya kila nchi yangeleta tofauti hiyo hata bila ofisi, na pingamizi hilo lina uzito. Lakini redio nayo hufuata mpaka uliochorwa na ofisi. Je, dhana yangu imevunjika au imesimama?

Imesimama, na imepunguzwa ukubwa. Gendia ilinionesha kwamba kalamu peke yake haitoshi: iliyochagua kusikika ilijifunza lugha ya watu. Rodi Kopany inabaki bila hukumu, na sitaisukuma. Lakini bich ya Sori, Kariokor ya wapagazi, siku za Tich na stima ya Isebania zinaelekea upande mmoja. Maneno ya kigeni ya vitu vya kawaida yalitufikia mahali tulipohesabiwa, tulipotozwa na tulipolipwa, na mengi yalipofika yalikuwa yameshavaa Kiswahili. Shule ilikuta kazi imefanyika. Mama wa Sori hakupoteza dho wath kwa uzembe; jina lilipoteza nafasi kwenye daftari, na daftari likashinda. Linaweza kurudishiwa nafasi hiyo?

Winam ilirudi, kwa hiyo inawezekana. Hakuna haja ya kufuta Homa Bay. Jina hilo sasa ni la watu wake na lina historia yake. Lakini kila ghuba na kila bich kutoka Kendu hadi Muhuru ina jina ambalo mzee fulani bado analijua, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Mwalimu wa ukingo wa ziwa, watume wanafunzi wako kwa nyanya zao na daftari, waulize mahali pa kuegesha mitumbwi paliitwaje, waandike jibu kwa Kijaluo, Kisuba au Kikuria. Afisa wa kaunti, kwenye kibao kijacho cha barabarani acha mstari mmoja wa jina hilo. Nawe msomaji, ukishuka Homa Bay, uliza jina la pili la mahali unaposimama, na ukiambiwa, liandike siku hiyohiyo.